Degrade ya Kwanza ya Baba Yako

Siku ile baba yako aliporudi kutoka Mbarara na kichwa kipya, mwanangu, ninaikumbuka vizuri hata leo, ingawa mambo mengi ya miaka ile yameshanitoka. Nilikuwa nimekuja kwa mama yetu, hapa hapa Juru, kambini Nakivale, tunapeta maharagwe pamoja uani. Tukamwona Byamungu, baba yako, anaingia akisukuma baiskeli, kofia ameishika mkononi badala ya kuivaa, shingo imenyooka kama mtu anayepigwa picha. Pembeni kote alikuwa amekwanguliwa mpaka ngozi inang'aa. Juu kidogo ya masikio nywele zilianza kuonekana kama kivuli, zikazidi taratibu kadiri zinavyopanda, mpaka utosini zikawa nyingi, zimekatwa bapa. Ninyi vijana wa leo mnaiita feedi. Sisi tuliotoka Kongo tuliiita degrade, na tulikuwa tumezoea kuiona kwenye picha za wanamuziki, si kwenye kichwa cha ndugu yetu.

Nakuambia haya kwa sababu jana ulinijia na simu yako, ukanionyesha kichwa cha mchezaji mpira, ukasema, "Tantine, kesho niko naenda ku Mbarara, batanyoa mimi hivi." Mimi shangazi yako sikukukataza. Sina ugomvi na degrade. Ni mtindo wa heshima ukinyolewa na mtu anayejua kazi, na wewe una kichwa kizuri, umekirithi upande wetu, si upande wa mama yako, na usiende kumwambia kwamba nimesema hivyo. Lakini kaa kwanza. Kuna habari ya degrade ya baba yako ambayo yeye mwenyewe hawezi kukusimulia. Huwa anaianza vizuri, akifika katikati anaanza kukohoa, mara anakumbuka kwamba baiskeli inahitaji mafuta.

Wakati ule alikuwa na miaka ishirini hivi. Alikuwa ananunua maharagwe kwa majirani, anayapakia kwenye baiskeli mpaka Kaberebere, na siku nyingine anafika nayo Mbarara kwa wafanyabiashara wa sokoni. Baba yetu alikufa kwenye vita vya mwaka wa tisini na sita, tulipokimbia Kivu Kusini. Tulizunguka sana kabla ya kufika Nakivale, na tulipofika tulikuwa watu watatu tu: mama, mimi na yeye. Ukoo wetu wote ulitawanyika. Wengine hatujui walipo hadi leo.

Tangu utoto wake Byamungu alinyolewa na mtu mmoja, naye ni nyanya yako. Kila mwezi, Jumamosi ya kabla ya meza ya Bwana, mama alitandika mkeka nje, akatoa mkasi na kitana kwenye kopo la maziwa ya unga, akakaa kwenye kigoda. Byamungu alikaa chini, mgongo wake kati ya magoti ya mama. Alipokuwa mtoto ilipendeza. Alipoota ndevu, majirani walikuwa wanapita pale njiani wakicheka chini kwa chini, na yeye anajifanya hawaoni.

Sasa, nyanya yako unamjua. Si mtu wa maneno. Anaweza kulima na wewe kuanzia asubuhi, ukasikia tu "leta jembe" na "tuende", basi, siku imeisha. Lakini akishika ule mkasi, ulimi ulikuwa unafunguka. Alimsimulia Byamungu jinsi baba yetu alivyokuwa akicheka, na ng'ombe wetu mweupe aliyekuwa akifungua lango kwa pembe. Alimwambia nani kanisani amemkera, na nini alichoota, na kwa nini anaogopa mvua ikichelewa. Alizungumza na kisogo chake, kwa sababu usoni asingeweza. Mimi nilikuwa nikipita na ndoo ya maji nasikia sauti ya mama imekuwa ya msichana, na nilikuwa namwonea wivu ndugu yangu, nasema kweli. Mimi aliacha kunisuka siku nilipoolewa.

Mtindo wenyewe, tuseme ukweli, haukuwa mzuri. Upande wa kulia ulikaa sawa. Upande wa kushoto mama aliacha nywele nyingi juu ya sikio, kichwa kikaonekana kimelemea huko. Aliziacha kwa makusudi. Chini yake kulikuwa na kovu, refu kama kidole, limepinda kuelekea kisogoni. Byamungu alipokuwa mdogo aliuliza, akajibiwa, "Ulianguka tukiwa mu kukimbia," na mama akahamia upande mwingine wa kichwa. Hakuuliza tena.

Na lazima ujue kovu lilikuwa na maana gani kwetu. Katika kambi hii tulikutana watu wa pande zote za vita. Kijana mwenye kovu kichwani alitazamwa mara mbili. Watu hawakusema kitu, lakini mtu alijiuliza moyoni: huyu alikuwa wapi, na alishika nini mkononi? Kwa hiyo zile nywele za upande wa kushoto, mbaya kama zilivyokuwa, zilikuwa zinamlinda.

Kisha akampenda mama yako. Neema aliimba kwaya upande wa pili wa Juru, na baba yake, Mzee Yakobo, alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole lakini mwangalifu kupita kiasi. Wanawe wawili wa kiume walichukuliwa na watu wenye bunduki, hawakurudi. Huyo si mtu wa kumpa binti yake kijana yeyote tu. Hata hivyo alikubali tuende kutoa posa, siku ikapangwa. Byamungu akachanganyikiwa kwa furaha. Binamu mmoja wa Neema alikuwa amemtania kwamba ana kichwa kama kikapu kilichofumwa na mtu anayesinzia, na neno lile likamkaa. Akaamua siku ya posa aende akiwa amependeza.

Huko Mbarara, karibu na soko, kulikuwa na kinyozi aitwaye Abdu, Mwislamu, mtu wa mji ule ule, mwenye mikono myepesi na mdomo usiotulia. Ukutani alibandika picha kubwa yenye vichwa vingi, kila kichwa na namba yake, na mteja anaonyesha tu kwa kidole. Byamungu akaonyesha degrade ya juu kabisa, ile inayopandisha wembe mpaka karibu na utosi. Abdu akapitisha kitana, akainua nywele za kushoto, akasimama.

"Ssebo, bwana, hapa iko alama kubwa. Wewe unajua?"

"Najua."

"Hii namba umechagua itaonyesha alama yote. Chukua hii ya chini. Naanzia hapa karibu na sikio, alama inabaki ndani ya nywele. Hata kichwa yako ni ndefu, inapanda juu, hii ya chini ndiyo itakaa nayo muzuri."

"Hapana. Nyoa ile ile."

Unaona, mwanangu? Kinyozi alimshauri vizuri. Baba yako alikuwa ametazama kichwa cha mtu mwingine kwenye picha mpaka akasahau chake. Abdu akanyoa, akapaka spiriti, akampa kioo, na Byamungu aliniambia kwamba alijiona mtu mzima kwa mara ya kwanza. Hilo simlaumu. Kila mtu anahitaji siku kama hiyo.

Basi ndiyo hivyo akaingia uani na kofia mkononi. Mama akaweka ungo chini. Akamtazama kwanza upande wa kulia, akamzunguka, akatazama upande wa kushoto. Pale alikaa kidogo.

"Nani alikunyoa?"

"Ni mu saluni, mama. Ku Mbarara."

"Alikunyoa muzuri," mama akasema. Akaingia ndani, akachukua kopo lenye mkasi, akalifunga kwa kitambaa na kulipandisha juu ya ukuta, chini ya mabati, mahali tunapoweka vitu ambavyo havitumiki. Akarudi kupeta maharagwe. Hakugomba wala kulia. Ningefurahi zaidi kama angegomba.

Jumamosi ya kunyoa ilipofika, mkeka haukutandikwa. Byamungu alizunguka zunguka uani kama kuku aliyehamishwa banda. Mama alikuwa anampa chakula, anamfulia shati, anamjibu akiulizwa, lakini neno la zaidi halikutoka. Na ile degrade nayo ikaanza kumgeuka. Ngozi ya pembeni haikuwa imeona jua tangu Kongo, ikaungua na kubabuka. Vumbi jekundu la njia ya Kaberebere likamjaa kwenye vinyweleo, akatoka vipele, kwa sababu alikuwa anajifuta kwa kitambaa kile kile anachofutia baiskeli. Kisha nywele zikaanza kurudi, zile za chini zikawafikia wenzao wa juu, kivuli kikapotea, kichwa kikawa kama shamba lililolimwa nusu na mwenye shamba akaitwa msibani. Hakuna mtindo unaomchongea mtu kama degrade iliyoachwa.

Siku ya posa ikakaribia. Kwa desturi yetu mzee wa ukoo ndiye anayekwenda kumsemea kijana, lakini sisi hatukuwa na mzee wa ukoo. Tulikuwa na mama. Mzee Yakobo mwenyewe alikuwa ametuma neno kwamba anataka kumsikia mama wa kijana, kwa sababu watu wengine wote ni wageni kwake. Bila mama hakuna posa, na bila posa hakuna Neema. Tukaenda kumwambia ajiandae.

"Mimi? Hapana," mama akasema, anachagua mawe kwenye maharagwe. "Aende na ule mwenye anamunyoaka."

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Byamungu alimsihi siku ile na kesho yake, akapata jibu lile lile. Akaamini kwamba mama amechukia kwa sababu ya kovu, kwamba ameona aibu watu watalitazama. Akaanza kuvaa kofia kutwa nzima, hata mezani. Mama akamwambia aivue, ndani ya nyumba si sokoni. Akaivua, akainamisha kichwa upande, akala hivyo hivyo ameinama, mpaka nikamhurumia.

Nikaenda kwa mama shambani asubuhi moja, nikamuuliza waziwazi kama anataka kumvunjia mwanawe ndoa kwa ajili ya nywele. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaegemea jembe.

"Unazania ni juu ya ile alama? Hapana, Nabintu. Mutoto mwanaume akikomaa, mama anabakia na nini? Anakulaka haraka, anaenda. Analala, anaamuka, anaenda. Mimi nilibakia na kichwa chake, mara moja ku mwezi. Ni pale nilikuwa namuambia mambo yangu. Sasa nitamuambia fasi gani? Mu saluni, mbele ya batu?"

Nilikuwa nimeishi na mama yangu miaka yote ile, na sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba yeye pia ana hamu ya kusikilizwa.

Nilimweleza Byamungu jioni ile. Akafikicha macho, akasema ni moshi. Kesho yake akapanda baiskeli, na mimi nikajua anakwenda kuuza maharagwe. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa Abdu, akamweleza kila kitu, mpaka lile neno la mama. Nadhani alitaka tu mtu wa kumsikiliza. Abdu alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka.

"Mama amesema uende na mtu anakunyoa? Mtu huyo ni mimi. Basi nakuja."

"Abdu, alisema tu juu ya hasira."

"Hapana. Neno ya mama huwezi kutupa hivi hivi. Jumatatu saluni haina watu. Nakuja."

Na kweli akaja. Jumatatu tuliona pikipiki inaingia uani na mtu aliyevaa kofia nyeupe ya Kiislamu, mfuko wa mashine za kunyolea umening'inia begani, vumbi mpaka kwenye kope. Akashuka, akapiga goti mbele ya mama kama Waganda na Wanyankore wanavyowasalimia wakubwa.

"Mama, mimi ndiye kinyozi. Nimesikia unaniita."

Ungemwona nyanya yako siku ile! Alisema neno kwa uchungu, na sasa neno lenyewe limekuja na pikipiki, limepiga goti. Alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Byamungu aliyekuwa amejificha nusu nyuma ya mlango. Mimi niliuma midomo nisicheke. Lakini mama hajawahi kushindwa na mgeni.

"Karibu, mutoto wangu. Unakulaka kuku?"

"Nakula, mama, kama Mwislamu amechinja."

Mama akakamata jogoo mwenyewe, akamletea pamoja na kisu kilichooshwa upya, akamwambia, "Chinja weye." Pale ndipo nilipojua kwamba kitu kimelegea. Katika nyumba ya Waprotestanti wa Kivu, kumpa Mwislamu jogoo wako na kisu chako ni kumwambia nataka ule ushibe kwangu bila wasiwasi.

Kuku akiwa jikoni, Abdu alikaa kwenye mkeka na kuomba radhi. Alisema amekata nywele za mtoto wa mtu bila kujua zina mwenyewe. Mama akasema yule ni mtu mzima, ana kichwa chake. Abdu akasema kwake ni mtu mzima, kwa mama ni mtoto, na zote mbili ni kweli. Kisha akauliza mama alikuwa ananyoa na kitu gani. Byamungu akapanda kwenye kiti haraka, akashusha kopo. Abdu akatoa mkasi, akaujaribu hewani karibu na sikio lake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama, naomba kitu. Mimi nanyoa watu wote. Mama yangu alikufa zamani, na nywele yangu nanyoa mwenyewe na vioo viwili. Tazama huku nyuma."

Akavua kofia, akageuka. Mwanangu, kisogo cha yule kinyozi hodari wa Mbarara kilikuwa aibu tupu! Mstari umepinda, hapa kimekwanguliwa, pale kimerukwa. Mama akacheka kwa sauti, na mimi sikuwa nimesikia kicheko kile tangu Kivu. Akavuta kigoda, akamwambia Abdu asogee, akamweka kati ya magoti yake. Akaanza kunyoa.

Na ulimi ukafunguka. Alianza na baba yetu, akaja kwa yule ng'ombe mweupe, akaja kwa vita. Byamungu alikuwa amekaa kizingitini, na ndipo akasikia jambo ambalo kwa miaka yote mama hakuweza kukiambia kichwa cha mwanawe, kwa sababu lilikuwa limeandikwa pale pale mbele ya macho yake. Siku tuliyokimbia Byamungu alikuwa mdogo, ana homa, mama amembeba mgongoni. Mimi nilitangulia na mzigo. Kwenye mteremko wa mawe milio ikaanza nyuma yetu, mama akakimbia, akateleza, akaanguka chali juu ya mtoto. Kichwa cha mtoto kikapiga jiwe. Alilia, kisha akanyamaza. Mama akainuka akakimbia, na hakuthubutu kumtazama. Alitembea mpaka jua likawa juu ya kichwa, anaamini amebeba maiti ya mwanawe, na hakumwambia mtu, kwa sababu angesema tungesimama kuzika, na tungesimama tungekufa. Ndipo aliposikia sauti nyuma ya shingo yake ikisema, "Mama, niko na njaa."

Abdu alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea magotini. Byamungu alitoka kizingitini. Abdu alipoinuka, kisogo chake kimenyooka kama kitabu, Byamungu akakaa mahali pale pale. Mama akatazama degrade ile iliyochakaa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niwe na akili, nilimwona anaweka kidole juu ya lile kovu na kulifuata kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Abdu alitaka kuwasha mashine asawazishe pembeni. Mama akamwambia angoje kidogo, akakata nywele za juu yeye mwenyewe, akapuliza zilizobaki shingoni.

"Nyoa pembeni sasa," akamwambia. "Degrade ile ya juu. Usiifiche."

Siku ya posa tulikwenda sote, mama mbele, amevaa kitenge cha kijani alichokuwa anakitunza. Kwa Mzee Yakobo tulipokewa vizuri, tukaombewa, tukapewa viti. Mzee akamtazama Byamungu muda mrefu. Najua alikuwa anatazama nini. Kila mtu pale alikuwa anatazama hapo, na Neema jikoni alikuwa ameacha kukoroga sufuria.

"Kijana amenyoa muzuri," mzee akasema. "Lakini siye ni batu ba vita, na sitaona haya kuuliza. Ile alama ku kichwa, aliipata fasi gani?"

Byamungu akafungua mdomo. Mama akasimama kabla yake. Yule mtu asiye na maneno, mbele ya ukoo mzima wa watu wengine, bila mkasi mkononi.

"Muzee, ile alama ni yangu. Ni mimi nilianguka, siku ya kukimbia, naye ku mugongo. Yeye iko anaibeba tu. Ukiwa na la kuuliza, uniulize mimi."

Mzee Yakobo akatazama chini, akaweka fimbo yake kando. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

"Kaa, mama," mzee akasema mwishowe. "Kaa karibu yangu hapa. Hata siye tulianguka, na batoto betu habakuamuka."

Akamwita Neema aje aseme mwenyewe kama anamtaka kijana huyu. Mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasema anamtaka, akakumbuka mwiko, akakimbia kurudi. Mpaka leo anakana habari ya mwiko.

Baada ya pale, kila baba yako alipofika Mbarara na maharagwe alipita kwa Abdu, pembeni zikasawazishwa kabla kivuli hakijapotea, kwa degrade ile ile ya juu. Juu palibaki pa mama, Jumamosi yake. Abdu alikuwa akilalamika, "Mama yako anaharibu kazi yangu," na hakugusa hata unywele mmoja wa juu. Waliendelea hivyo mpaka macho ya mama yalipochoka.

Sasa sikiliza, Aksanti, mwanangu, maana nimekuchosha na kahawa imepoa. Degrade nyoa. Ukifika kwa kinyozi, usimwonyeshe kichwa cha mchezaji mpira kabla hajashika chako, mwache akipapase na akuambie kinataka ianzie chini, katikati au juu. Na kama una sababu yako ya kuchagua nyingine, iwe sababu unayoijua, si picha. Hakikisha amefuta mashine kwa spiriti mbele ya macho yako, na usione haya kumwomba, kwa sababu mapunye hayachagui mtoto wa nani. Siku za kwanza kinga ngozi na jua, paka mafuta kidogo usiku, na taulo lako liwe lako peke yako. Na usianze kama huwezi kurudi, kwa sababu degrade inataka mtu wa kurudi. Ukiona kivuli kimeanza kupotea, nenda, usingoje watu wakuambie.

Hayo ni ya nywele. La pili ndilo lililonifanya nikukalishe. Unakua, na unapokua unazichukua kazi zako moja moja kutoka mikononi mwa waliokulea: kujifulia, kujipikia, kujichagulia, kunyoa. Ni haki yako, na tungehuzunika kama usingezichukua. Ila kabla hujachukua kazi yoyote mkononi mwa mtu, mtazame usoni, uone ni kitu gani kingine alikuwa ameshikilia pale. Wazazi wetu hawakufundishwa kusema "nakukumbuka" au "kaa nami kidogo". Walificha maneno hayo ndani ya mkasi, ndani ya ungo, ndani ya sahani ya maharagwe. Ukiikataa sahani, huenda umekataa na neno. Basi ukishakua, uwatafutie mahali pengine pa kukuambia mambo yao, na upatafute wewe, usingoje wao waombe.

Kwa hiyo kabla ya Mbarara, pita kwa nyanya yako. Hataweza kukunyoa, macho yake hayaoni mkasi tena. Kaa tu chini mbele yake, umpe mgongo, umwambie kesho unakwenda kunyoa degrade na unataka akuelekeze. Mikono yake itakitafuta kichwa chako. Ikishakipata, nyamaza, usiangalie simu, mwache aseme.

Mungu wa baba yetu aliyebaki njiani akufunike, mwanangu. Akupe mikono mizuri ya kukunyoa na mingi zaidi ya kukupenda, akupe mke atakayesema anakutaka hata akiwa ameshika mwiko, akupe wana watakaokaa chini mbele yako utakapozeeka, wakusikilize mpaka umalize.